Hesabu ya Umbali na Muda wa Ndege Ikienda Kombo: Alama za Kosa na Pa Kulitafuta

Nakata tiketi za ndege, Unguja mjini. Siku hizi mtu akija dirishani huwa ameshapiga hesabu yake kwenye simu: Pemba ni kilomita kadhaa, Maskati tutafika saa fulani. Mara nyingi nambari aliyokuja nayo haiko sawa, na mara nyingi naweza kumwambia kosa liko wapi kabla hajanionesha alivyoipata. Hakuna uganga hapo. Kosa la hesabu ya safari huacha alama kwenye jibu lenyewe, kama unyayo kwenye mchanga maji yakishapwa. Aliyekosea jina la kiwanja anapata jibu la namna yake, aliyesahau alama ya kutoa anapata la namna nyengine, na aliyechanganya saa naye ana lake.

Nayaandika haya kwa sababu watu wanazitegemea nambari hizi. Kuna anayempeleka mama yake hospitali Dar es Salaam na anataka kujua kama atawahi miadi. Kuna mahujaji. Kuna vijana wanaotengeneza programu za simu za kuonesha safari za visiwani. Jibu likiwa kombo, kuna mtu atakaa kiwanjani na mizigo yake na ndege imeshaondoka.

Kwanza, mawe ya mizani

Huwezi kujua kama mizani imeharibika bila ya kuwa na jiwe ambalo uzito wake unaujua. Haya ndiyo mawe yangu. Kiwanja cha Abeid Amani Karume, Kisauni, ambacho herufi zake tatu kwenye tiketi ni ZNZ, kiko digrii 6, dakika 13 na sekunde 19 kusini, na digrii 39, dakika 13 na sekunde 30 mashariki. Kwa desimali andika −6.222 na 39.225. Kiwanja cha Pemba, PMA, karibu na Chake Chake, kiko 5°15′26″ kusini na 39°48′41″ mashariki, yaani −5.257 na 39.811.

Kutoka Kisauni, kwa njia fupi kuliko zote juu ya mgongo wa dunia:

Dar es Salaam (DAR): kilomita 73
Pemba (PMA): kilomita 125
Jeddah (JED): kilomita 3,100
Maskati (MCT): kilomita 3,910
London Heathrow (LHR): kilomita 7,440

Ipitishe hesabu yako kwenye zote tano. Usiridhike na moja, na sababu yake utaiona.

Ya Jeddah naipenda zaidi kwa sababu unaweza kuihakiki kwa kalamu na karatasi. Jeddah na Unguja ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, digrii 39 na kidogo mashariki. Mmoja yuko kaskazini ya mwenzake, basi. Kwa hiyo unahitaji latitudo tu. Kiwanja cha Jeddah kiko digrii 21.68 kaskazini, chetu 6.22 kusini, na kwa kuwa ikweta inapita katikati yao, unajumlisha: 27.9. Kila digrii ina dakika 60, na dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Zidisha 27.9 kwa 60, upate maili 1,674. Zidisha kwa 1.852, upate kilomita 3,100. Mwanafunzi wa skuli anaiweza.

Pemba imetoka kilomita 765

Umekwenda Msumbiji. Kaskazini ya Msumbiji kuna mji unaoitwa Pemba, una kiwanja chake, na herufi zake ni POL kwa vile zamani za Wareno mji ule uliitwa Porto Amélia. Ukiandika "Pemba" bila ya herufi tatu, mashine huenda ikakuchagulia huo. Alama ya pili ni saa: Msumbiji iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo saa ya kufika nayo itakuwa ya ajabu. Andika PMA na shida imekwisha.

Miji yenye viwanja viwili ina ugonjwa huo huo, ila dalili zake ni ndogo. Nairobi kuna NBO na WIL, Dubai kuna DXB na DWC, na anayekwenda Arusha anaweza kushuka ARK au JRO. Viwanja hivyo vimeachana kwa kilomita kumi na kitu hadi hamsini hivi. Kwenye safari ndefu hutaliona kosa katika hesabu. Utaliona kwenye nauli ya teksi.

Jibu linakaribia, lakini halifiki: 116, au 105

Haya ndiyo nayaogopa zaidi, kwa sababu jibu halimshtui mtu. Akiambiwa Pemba ni kilomita 7,000 atajua pameharibika kitu. Akiambiwa 116 anaikubali na kuendelea na mambo yake.

Ukipata 116, umeandika dakika kama desimali. Umeona 6°13′19″ ukaandika 6.1319. Dakika ni mafungu ya sitini, si ya mia. Gawa dakika kwa 60, gawa sekunde kwa 3,600, kisha jumlisha vyote na digrii: 6, na 13 kwa 60, na 19 kwa 3,600, inatoka 6.222. Kama umepewa orodha ndefu ya viwanja na huna muda wa kupima kimoja kimoja, tazama tarakimu mbili za mwanzo baada ya nukta. Ikiwa orodha nzima hakuna hata mahali pamoja zinapozidi 59, aliyeiandaa amefanya kosa hili kila mstari.

Ukipata 105, umegeuza mpangilio. Baadhi ya programu hutaka latitudo mwanzo, nyengine hutaka longitudo mwanzo. Ramani za Google huanza na latitudo. Faili za ramani za GeoJSON huanza na longitudo. Ukizihamisha nambari kutoka huku kwenda kule bila ya kuzigeuza, kisiwa chako kinahama.

Kijana mmoja alikuja na kompyuta yake mkononi, amechoka, macho mekundu. "Ami, nimepima mara tatu. Inatoka mia na tano tu. Kwani ile mia na ishirini na tano wameipata wapi?" Nikamwambia azibandike nukta zake kwenye ramani. Akabandika. Ramani ikaacha Bahari ya Hindi, ikapita juu ya Afrika yote, ikatulia kwenye ardhi kavu ya kahawia iliyotawanyika miti, na juu yake pameandikwa Cáceres. Magharibi ya Uhispania, karibu na Ureno. Kisauni ilikuwa digrii 39 kaskazini na 6 magharibi, na Pemba pembeni yake, zote mbili zimehamia pamoja kama mke na mume. Kwa sababu zimehama pamoja, umbali baina yao ulibaki unaoingia akilini. Ulipungua kidogo tu kwa vile kule juu mistari ya longitudo imebanana: hapa kwetu digrii moja ya longitudo ni karibu kilomita 111, kule ni karibu 86.

Aliitazama muda mrefu. "Ndo maana," akasema, akafunga kompyuta.

Tangu siku ile sipimi orodha yoyote ya viwanja kabla sijaona nukta zake kwenye ramani. Inachukua dakika moja, na macho yanaona kile ambacho hesabu imekificha.

Jeddah imetoka 1,718

Hapa imesahauliwa alama ya kutoa kwenye latitudo ya Unguja. Sisi tuko kusini ya ikweta, kwa hiyo ni −6.222. Bila ya alama ile, Kisauni inahamia kusini ya Ethiopia, na badala ya kujumlisha digrii umetoa: 21.68 kutoa 6.22 ni 15.46, sawa na kilomita 1,718.

Sasa angalia mtego wake. Ukisahau alama kwa Unguja na kwa Pemba pia, jibu litatoka 125 kama kawaida, kwa sababu visiwa vyote viwili vimevuka ikweta pamoja na umbali baina yao haukubadilika. Ukisahau kwa kimoja tu utapata 1,278. Hii ndiyo sababu nakwambia usijipime kwa Pemba peke yake. Safari ya Pemba ni fupi mno, na makosa mengi yanapita chini yake bila ya kuguswa. Jeddah inavuka ikweta, kwa hiyo inalifichua kosa hili papo hapo.

Pemba imekuwa mbali kama Ujerumani

Ukitumia Excel ukapata karibu kilomita 6,800 kwa Pemba, fomula yako imepewa digrii wakati yenyewe inataka radiani, kipimo chengine cha pembe. Kazi za saini na kosaini ndani ya Excel, na kwenye lugha nyingi za kuandikia programu, hazijui digrii. Kila pembe lazima igeuzwe kwanza. Weka latitudo kwenye safu ya A na longitudo kwenye safu ya B, kiwanja cha mwanzo mstari wa 2, cha pili mstari wa 3, kisha:

=6371*ACOS(SIN(RADIANS(A2))*SIN(RADIANS(A3))+COS(RADIANS(A2))*COS(RADIANS(A3))*COS(RADIANS(B3-B2)))

6371 ni nusu kipenyo ya dunia kwa kilomita. Ukitaka maili za baharini weka 3440.

Pemba sawa, Dar sawa, London imezidi

Kuna anayekwepa kosaini kabisa. Anachukua tofauti ya latitudo na tofauti ya longitudo, anazipiga kwa kanuni ya Pythagoras kama anapima kiwanja cha kujenga nyumba, halafu anazidisha kwa 111.2. Kwa Unguja na Pemba inatoka 125.5, amekosea kwa mita mia mbili hata hazifiki. Anafurahi. Anaitumia kwa London, inatoka karibu 7,790, amezidisha kilomita 340 na zaidi.

Tuko karibu na ikweta, na karibu na ikweta dunia inakubali kuhesabiwa kama karatasi bapa. Ukipanda kaskazini longitudo zinabanana, na karatasi bapa haijui kubanana. Njia fupi juu ya tufe ni duara kuu, ile ile inayosomeshwa sekondari kwenye mada ya dunia kama tufe. Tumia fomula ya hapo juu kwa safari zote, fupi na ndefu, na jambo hili halitakusumbua tena.

Watu watatu, nambari tatu: 68, 78, 125

Wote wako sawa. Unguja na Pemba ni maili 68 za baharini, maili 78 za nchi kavu, kilomita 125. Rubani na nahodha wanahesabu kwa za baharini, za mita 1,852. Tovuti za Kimarekani zinaandika "maili" wakikusudia za nchi kavu, za mita 1,609. Ukiona majibu mawili yanapishana kwa asilimia kumi na tano hivi, uliza ni maili gani kabla ya kugombana.

Tofauti ndogo isiyokwisha

Fomula yako inasema Jeddah ni 3,100 na mashine nyengine inasema 3,087 au karibu na hapo. Hilo si kosa. Dunia imebonyea kidogo huku na huku kwenye ncha zake. Fomula yetu inaichukulia kama mpira kamili, na mashine ile imetumia umbo halisi. Tofauti haifiki asilimia moja. Iache.

Tofauti kubwa zaidi ya hiyo baina ya hesabu na safari yenyewe inatokana na njia za angani. Ndege haiendi kwa kamba iliyonyooshwa. Inafuata njia zilizopangwa, inapishana na mawingu ya mvua, inazunguka nchi zilizofungwa. Anga ya Sudan ilipofungwa Aprili 2023 vita vilipozuka, ndege zilizokuwa zikipita juu yake ikazibidi kuzunguka, na hakuna fomula ya duara kuu itakayokwambia hilo.

Muda: "dakika tisa hadi Pemba"

Umbali umeshakuwa sawa, sasa tunaingia kwenye muda, na hapa ndipo malalamiko mengi yalipo.

Dakika tisa inatoka hivi: mtu kachukua kilomita 125, kagawa kwa kilomita 800 kwa saa, mwendo wa ndege kubwa. Kwanza, ndege hizo za kwenda Dubai sizo zinazokupeleka Chake. Njia hii watu wengi huipita kwa Cessna Caravan, injini moja, abiria wachache, mbawa juu, na mwendo wake ni kama noti 170, maana yake maili 170 za baharini kwa saa, au kilomita 315. Gawa 68 kwa 170: dakika 24. ATR, ile ya propela mbili, inakwenda kama kilomita 500 kwa saa.

Pili, hata ukiweka mwendo sahihi, muda wa kugawa umbali kwa mwendo ni muda wa ndege iliyoko juu tayari. Ratiba haihesabu hivyo. Inahesabu tangu ndege inapoanza kusogea pale ilipoegeshwa mpaka inaposimama na kufungua mlango kule inakokwenda. Ndani yake kuna kutembea ardhini hadi mwanzo wa barabara ya kurukia, kusubiri ruhusa, kupanda polepole, kuteremka polepole, kujipanga kutua, na kutembea tena. Kwa ndege ya aina moja, vitu hivyo huchukua karibu muda ule ule, safari iwe fupi au ndefu. Kwa hiyo kwenye safari fupi vinakula sehemu kubwa, na kwenye ndefu huvioni.

Mimi huongeza dakika nane hadi kumi kwa Caravan, robo saa kwa ATR, nusu saa kwa ndege kubwa ya jeti. Jaribu. Pemba kwa Caravan: 24 na 9, dakika 33. Dar kwa Caravan: kilomita 73 ni dakika 14, ukiongeza inakuwa 23. Maskati kwa jeti ya kilomita 830 kwa saa: saa 4 na dakika 43, ukiongeza nusu saa inakuwa saa 5 na dakika 13. Hizi zinakaa karibu sana na zile zilizoandikwa kwenye tiketi.

Kalkuleta nyingi za mtandaoni zinafanya kitu kama hicho hicho, ila zinatumia mwendo mmoja tu, wa takriban kilomita 800 kwa saa, na kuongeza nusu saa kwa kila safari. Ndiyo maana kwa Maskati zinapatia na kwa Dar zinasema dakika 35. Kosa hapo si la umbali. Wamekupandisha jeti kwa safari ya kivuko.

Muda umezidi ingawa umbali haukuzidi

Mtu wa Pemba anayekwenda Dar hupima PMA hadi DAR moja kwa moja, anapata kilomita 192. Tiketi yake inasema ndege inapitia Unguja. Anajumlisha 125 na 73, anapata 198, anaona kilomita sita si kitu, kwa hiyo muda utakuwa ule ule. Hautakuwa. Umbali haukubadilika kwa sababu Unguja iko karibu kabisa na njia, lakini ndege imeruka mara mbili na kutua mara mbili, na pale Kisauni imesimama wengine washuke, wengine wapande, mizigo ipangwe upya. Hesabu kila kipande peke yake, kila kimoja na dakika zake za kuongeza, halafu weka muda wa kusimama katikati. Vipande viwili vya Caravan na kusimama dakika 20 tayari ni saa moja na robo.

Halafu kuna upepo. Kutoka Kisauni kwenda Pemba ndege inaelekea baina ya kaskazini na mashariki. Kaskazi ikivuma, inaipiga usoni. Kusi likivuma, linaisukuma mgongoni. Wazee wa majahazi walilijua hili kabla ya ndege ya kwanza kutua hapa, na ndege ndogo bado inaliheshimu: upepo wa noti 20 usoni unaishusha Caravan kutoka noti 170 hadi 150, na dakika 24 zinakuwa 27. Wakati wa kurudi, upepo uko nyuma, zinakuwa 21 na nusu. Dakika tano na zaidi baina ya kwenda na kurudi, njia moja, ndege moja, siku moja. Kwa jeti ya noti 450 upepo kama huo ni jambo dogo. Lakini kule juu zinakopita jeti kuna pepo nyengine zenye nguvu zaidi, na hizo hazifuati kaskazi wala kusi.

Kusi nalo lina yake. Barabara ya kurukia pale Kisauni imelala kusini-kaskazini, na ndege huruka ikiukabili upepo. Siku za kusi ndege ya Pemba inaondoka ikielekea Fumba, upande wa kusini, kisha inageuka kurudi ilikotakiwa kwenda. Abiria mgeni hudhani rubani kapotea.

Saa ya kufika haiingii akilini

Tofauti ya saa moja kamili: umesahau kwamba saa za nchi mbili hazifanani. Sisi tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia, na hatubadilishi mwaka mzima. Saudi Arabia, Qatar, Ethiopia na Uturuki wako sawa na sisi. Oman na Dubai wametutangulia kwa saa moja. Msumbiji, Rwanda na Afrika Kusini wako nyuma kwa saa moja. London inapishana na sisi kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa joto, kwa sababu wao husogeza saa zao mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba.

Kama hutaki kuhangaika na tofauti hizo, kuna njia ninayoitumia kila siku. Chukua safari ya kwenda na ya kurudi. Tuseme ndege inaondoka Unguja 14:00 na kufika Maskati 20:10. Kwenye karatasi ni saa 6 na dakika 10. Ya kurudi inaondoka 09:00 na kufika 13:15. Kwenye karatasi ni saa 4 na dakika 15. Jumlisha: saa 10 na dakika 25. Gawa kwa mbili: saa 5 na dakika 12 na nusu. Saa moja iliyozidi upande mmoja imepungua upande wa pili, zimekatana zenyewe.

Tofauti ya saa sita kamili: huna haja ya kutazama ramani. Umeandika saa za Kiswahili kwenye kisanduku kinachotaka saa za tiketi. Saa mbili na robo asubuhi kwenye tiketi ni 08:15. Ukiiandika 02:15, safari yako imerefuka kwa saa sita, wala usitafute kosa kwingine. Kwa Maskati makosa haya mawili yakikutana utaona saa saba au saa tano. Ukiona hizo, yatengue moja moja.

Tofauti ya saa ishirini na nne: hii haionekani kwenye hesabu hata kidogo, na ndiyo iliyowahi kuniumiza.

Alikuja mzee kutoka Konde na mkewe, wanakwenda Maskati kumuona mjukuu aliyezaliwa. Ndege yao ilikuwa Ijumaa, 00:30. Mimi ndiye niliyemsomea: "Babu, ndege Ijumaa, saa sita u nusu usiku." Akashukuru, wakaondoka. Ijumaa baada ya Isha wakafika kiwanjani na masanduku mawili, na kikapu kilichofungwa kwa kamba, ndani yake chupa za achari ya embe. Ndege ilikuwa imeondoka karibu saa ishirini nyuma.

Asubuhi yake alinijia dirishani. Hakupandisha sauti. "Mwanangu, ulinambia Ijumaa, saa sita u nusu usiku. Ungelinambia usiku wa Ijumaa, mimi ningelikuja Alhamisi." Na alikuwa na haki. Kwa wazee wetu siku huanza jua likitua, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi, na tiketi ya 00:30 inakubaliana na wao kabisa. Mimi nilimsomea tarehe na saa kama zilivyoandikwa, nikamuachia yeye azipange, na nilivyozisema vilimpeleka usiku wa pili. Tuliwapatia viti vya wiki iliyofuata.

Sasa tiketi yoyote ya baina ya saa sita usiku na alfajiri siisomi tu. Naiandikia kwa mkono juu ya bahasha, kwa herufi kubwa, siku na saa ya kuwa kiwanjani badala ya saa ya ndege. Ya mzee yule, safari ya pili, iliandikwa: "Alhamisi, saa tatu u nusu usiku, mkishasali Isha. Usiku wa kuamkia Ijumaa."